Refrigerator Bowl: lilikuwa kombe la taifa au bonanza?

Swali la msomaji, Moshi: Shikamoo Mwalimu. Mdogo wangu anasoma Sam Houston State University, kule Huntsville, Texas. Juzi alinitumia picha ya historia ya timu ya chuo chao ya futiboli ya Kimarekani, na humo imeandikwa kwamba mwaka 1953 na 1956 walishinda "Refrigerator Bowl". Nyumbani tulicheka sana: bakuli la friji? Mdogo wangu anasema ni kombe la taifa. Mjomba anasema ni bonanza tu la kampuni ya friji. Nani yuko sahihi, na mbona siku hizi halichezwi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mdogo wako amekosea kidogo, halikuwa kombe la taifa. Mjomba amekosea zaidi, maana halikuwa bonanza wala halikuwa la kampuni moja. Ilikuwa mechi ya mwaliko, moja kwa mwaka, iliyochezwa mwanzoni mwa Desemba katika mji wa Evansville, jimbo la Indiana, kuanzia 1948 hadi 1956. Jumla mara 9. Vyuo vidogo viwili vilivyofanya vizuri msimu huo viliitwa, vikacheza, mmoja akashinda, wote wakarudi kwao. Hapakuwa na nusu fainali kabla yake wala mchezo mwingine baada yake.

Hilo neno bowl ni bakuli kweli, ila bakuli lenyewe ni uwanja. Mwaka 1914 Chuo Kikuu cha Yale kilifungua uwanja uliochimbwa ardhini, majukwaa yameuzunguka pande zote, ukaitwa Yale Bowl. Kule Pasadena, California, walikuwa na mechi yao ya Mwaka Mpya iliyoanza 1902, siku Michigan ilipoichapa Stanford 49–0. Mwaka 1922 wakafungua uwanja wa sura ileile ya bakuli, na kwa kuwa mji wao una maonyesho ya maua ya waridi kila Mwaka Mpya, wakauita Rose Bowl. Mechi ikachukua jina la uwanja. Baada ya hapo kila mji uliotaka wageni ulitazama unachojivunia, ukakibandikia neno hilo. Miami wakaweka chungwa, New Orleans sukari, Dallas pamba. Vita Kuu ya Pili ilipomalizika na vijana wakarudi vyuoni kwa maelfu, miji midogo nayo ikaingia: Fresno wakaweka zabibu kavu, Tampa sigara nene za kusokotwa, Orlando chenza, Phoenix saladi. Ukiiona friji katika msafara huo, haishangazi tena.

Evansville iko kwenye ukingo wa mto Ohio, ukivuka mto umeingia Kentucky. Wakati wa vita mji huo ulifanya kazi usiku na mchana. Kiwanda cha Republic kiliunda hapo ndege za kivita za P-47 Thunderbolt zaidi ya 6,000, na karakana ya mtoni ikatoa meli zaidi ya 160 za kushusha vifaru ufukweni. Vita vilipoisha, mji mzima ukabaki na mashine na mafundi wasio na kazi. Wakati huohuo nyumba za Marekani zilikuwa na kiu ya friji, kwa sababu mwaka 1942 serikali ilikuwa imesimamisha utengenezaji wa friji za nyumbani ili chuma kiende vitani. Kampuni ya International Harvester, hawa watu wa matrekta, ikakichukua kile kiwanda cha ndege na kukigeuza cha friji. Seeger ilikuwa hapo ikiunda friji za Coldspot zilizouzwa na maduka ya Sears. Servel ilikuwapo tangu zamani. Ndiyo maana Evansville ilijiita mji mkuu wa friji duniani, na watu wake hawakuwa wakitania.

Niseme neno moja kuhusu Servel, maana hapo historia hii inagusa kwetu. Friji za Servel hazikuwa na kompresa. Zilitumia moto mdogo, wa gesi au wa mafuta ya taa, kuchemsha amonia iliyoyeyushwa kwenye maji, na mzunguko huo ndio uliozaa baridi. Ufundi huo ulibuniwa na Waswidi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, katika miaka ya 1920. Electrolux waliuchukua Ulaya, na Servel wakapata haki yake Marekani. Wazee wenzangu waliopita kwenye zahanati za vijijini kabla ya umeme kufika wanaikumbuka friji ya mafuta ya taa, na utambi wake chini, ikitunza chanjo za watoto. Ni ujuzi uleule. Kwa hiyo mjomba anapocheka jina la friji, mkumbushe kwamba chanjo aliyochomwa utotoni huenda ilitunzwa na ndugu wa friji hizo za Evansville.

Mechi zilichezwa Reitz Bowl, uwanja wa shule ya sekondari ya Reitz uliofunguliwa 1921 kwenye mteremko wa kilima upande wa magharibi wa mji, mto ukionekana chini. Naomba uliweke hilo akilini: uwanja wa sekondari. Vyuo vilivyoalikwa vilikuwa vya ualimu, vya makanisa, vya majimbo madogo, na wachezaji wengi walijiandaa kuwa walimu, mafundi na wachungaji. Kwa vijana wa namna hiyo, kuitwa kwenda jimbo la mbali kucheza mbele ya mji mzima lilikuwa jambo la kusimulia hadi uzeeni.

Mara mbili za kwanza wenyeji walicheza wenyewe, na walishinda zote mbili. Mwaka 1948 Evansville College waliishinda Missouri Valley 13–7. Usidhani walijichagulia mgeni dhaifu. Missouri Valley, chini ya kocha Volney Ashford, walikuwa wameshinda michezo 41 mfululizo kati ya 1941 na 1948, vita vikiwa katikati. Mwaka uliofuata Evansville waliilaza Hillsdale ya Michigan 22–7. Baada ya hapo hawakuonekana tena kwenye mechi yao wenyewe. Mimi naona ndipo tatizo la kwanza lilipoanzia. Mtu wa kiwandani huja uwanjani kumwona kijana wa jirani. Timu zote mbili zikiwa ngeni, mwaliko unahitaji sababu nyingine ya kumtoa mtu nyumbani Desemba, kwenye baridi ile.

Michezo yenyewe, hata hivyo, haikushuka. Mwaka 1950 walikuja Abilene Christian wa Texas, ambao msimu ule hawakupoteza hata mmoja, wakaishinda Gustavus Adolphus ya Minnesota 13–7 na kufunga msimu na ushindi 11 kati ya 11. Mwaka 1951 Arkansas State walicheza na timu ya jeshi, Camp Breckinridge, kambi iliyokuwa upande wa pili wa mto, Kentucky. Kilikuwa kipindi cha vita vya Korea, na kambi za jeshi zilikuwa na timu zilizosheheni vijana waliokatiziwa masomo. Arkansas State walishinda 46–12, wakarudi 1952 na kupoteza 34–19 mbele ya Western Kentucky. Aliyeongoza mashambulizi ya Western Kentucky siku ile ni kijana anayeitwa Jimmy Feix. Lishike jina hilo, nitamrudia.

Sasa tufike kwenu. Desemba 1953 Sam Houston, wakati huo kikiitwa chuo cha ualimu, kilikutana na College of Idaho. Huntsville ni mbali na Evansville kwa zaidi ya kilomita 1,000, na College of Idaho, iliyoko Caldwell, iko zaidi ya kilomita 2,000 upande wa pili. Vyuo hivyo viwili visingekutana kwa ligi yoyote. Sam Houston, wakiwa na kocha Paul Pierce, walishinda 14–12. Pointi 2! Mwaka 1954 ilikuwa zamu ya Delaware, waliowashinda Kent State 19–7. Kocha wao alikuwa Dave Nelson, aliyeueneza mtindo wa kushambulia unaoitwa Wing-T, na ambaye baadaye alikuwa katibu na mhariri wa kamati ya sheria za mchezo kwa karibu miaka 30. Futiboli ya vyuo unayoiona leo kwenye runinga ina alama za kalamu yake. Mwaka 1955 Jacksonville State ya Alabama waliishinda Rhode Island 12–10. Na Desemba 1956 Sam Houston walirudi wakaifunga hadithi, 27–13 dhidi ya Middle Tennessee. Ndiyo ikawa ya mwisho.

Kwa hiyo mwambie mdogo wako hivi: ukiondoa wenyeji Evansville, hakuna timu nyingine iliyoshinda mechi hiyo mara mbili isipokuwa chuo chake. Hilo anaweza kulisema mahali popote bila kuogopa.

Lakini kuna upande mwingine, na kwa kuwa mdogo wako ni Mwafrika anayesoma pale, sitaki aujue kutoka kwa mtu wa pembeni. Vijana wale wa 1953 na 1956 waliotoka Huntsville walitoka chuo cha wazungu peke yao. Sam Houston hakikumpokea mwanafunzi mweusi hadi miaka ya 1960. Chini ya kilomita 100 kutoka hapo, kwenye jimbo lilelile la Texas, kuna chuo kinachoitwa Prairie View A&M, chuo cha watu weusi. Mwaka huohuo wa 1953, chini ya kocha Billy Nicks, Prairie View walitambuliwa kuwa mabingwa wa taifa wa vyuo vya weusi. Wakarudia 1954, tena 1958, tena 1963 na 1964. Hiyo ni moja ya timu kubwa kabisa zilizowahi kutoka chuo kidogo Marekani. Sam Houston walisafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutafuta mpinzani wakati mpinzani wa aina hiyo alikuwa jirani, mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari. Sheria na desturi za kusini ziliwazuia kukutana.

Vyuo vya weusi havikukaa kusubiri mwaliko. Prairie View walikuwa na mechi yao ya Mwaka Mpya mjini Houston tangu 1929, Prairie View Bowl, karibu miaka 20 kabla Evansville haijafikiria friji. Florida A&M walianzisha Orange Blossom Classic mwaka 1933, ambayo baadaye iliujaza uwanja mkubwa wa Miami. Mwaka 1955, wakati Jacksonville State na Rhode Island wanagombania pointi 2 kule Evansville, Grambling ya kocha Eddie Robinson iliishinda Florida A&M ya kocha Jake Gaither 28–21 pale Miami. Mimi ukiniambia nichague mechi moja ya vyuo vidogo ya mwaka ule ya kukaa jukwaani kuitazama, nakwenda Miami bila kufikiri mara mbili.

Mbona basi Refrigerator Bowl ilikufa? Mwaliko hutegemea vitu viwili: mwenyeji mwenye uwezo na mgeni asiye na mahali pengine pa kwenda. Miaka ile Evansville ilipoteza vyote viwili kwa pamoja.

Anza na mwenyeji. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 ile kiu ya friji baada ya vita ilikuwa imekatwa. Nyumba nyingi zilishanunua, na viwanda vilianza kumezana. Mwaka 1955 Seeger iliungana na Whirlpool, na mwaka huohuo Whirlpool wakakinunua kile kiwanda cha International Harvester. Servel nayo ilikuwa inayumba, ikavunjwavunjwa na kuuzwa kabla ya muongo kwisha. Kiwanda cha magari ya Plymouth kilichokuwa hapohapo mjini kikafungwa 1959, kazi zikahamia Missouri. Whirlpool waliendelea kuunda friji Evansville kwa miongo mingi, hadi 2010 walipofunga na kupeleka kazi Mexico. Ila mji wenye viwanda vitatu vinavyoshindana, kila kimoja na wakubwa wake wanaoishi palepale na kutaka kuonekana jukwaani, si sawa na mji wenye kiwanda cha kampuni ambayo makao yake makuu yako Michigan.

Kisha mgeni. Hapa ndipo penye kiini cha swali lako kuhusu kombe la taifa. Hadi wakati huo vyuo vidogo havikuwa na bingwa mmoja wa pamoja. Hata vyuo vikubwa bingwa wao alipatikana kwa kura za waandishi wa habari, siyo uwanjani, na vyuo vidogo havikuwa na kura ya namna hiyo hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaliko wa Evansville ulikuwa na thamani kwa sababu hapakuwa na kingine. Mwaka 1956 chama cha NAIA, kilichokusanya vyuo vidogo vingi, kikaanzisha ubingwa wake wa kuchezwa uwanjani, na fainali ya kwanza ikapigwa Little Rock, Arkansas, tarehe 22 Desemba. Waliipa jina la Aluminum Bowl, maana jimbo lile lina madini ya bauksiti. Montana State na Saint Joseph's ya Indiana wakatoka 0–0, wakagawana ubingwa. Mchezo haukuwa na pointi hata moja, lakini ulikuwa na kitu ambacho Evansville haikuwahi kuwa nacho: ubingwa wa taifa.

Tazama tarehe. Refrigerator Bowl ya mwisho ilichezwa mwanzoni mwa Desemba 1956, na ubingwa wa kwanza wa NAIA ukaja wiki tatu baadaye. Wapo wanaotaja baridi, kwamba nani angependa kwenda Indiana Desemba wakati Orlando kuna jua. Baridi ilichangia, sikatai. Lakini Cigar Bowl ya Tampa, palipo na joto na bahari, ilikuwa imeshakufa miaka miwili kabla, 1954. Kwa maoni yangu jua lisingeiokoa Evansville.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbele hatua kwa hatua. Mwaka 1964 chama kikubwa cha michezo ya vyuo, NCAA, kilichagua mechi nne za kanda kwa ajili ya vyuo vyake vidogo, na mwaka 1973 kikaanzisha mtoano kamili kwa madaraja yake ya pili na ya tatu. Sasa mkumbuke Jimmy Feix. Yule kijana wa 1952 alirudi Western Kentucky akiwa kocha, na mwaka 1973 aliifikisha timu yake kwenye fainali ya kwanza ya daraja la pili, kule Sacramento, akashindwa na Louisiana Tech 34–0. Alicheza enzi ya mwaliko akaondoka na furaha, akafundisha enzi ya mtoano akaonja uchungu wa fainali. Ninapowaeleza wanafunzi tofauti ya enzi hizo mbili, humtumia yeye.

Sam Houston nao walivuka. Mwaka 1964 waligawana ubingwa wa NAIA na Concordia ya Moorhead baada ya sare ya 7–7. Halafu Mei 2021, msimu uliocheleweshwa na korona, walichukua ubingwa wa FCS, daraja linalofuata chini ya lile la juu kabisa, kwa kuishinda South Dakota State 23–21. Hayo mawili ndiyo makombe ya taifa. Mdogo wako akitaka kujivunia ubingwa, ayataje hayo. Akitaja Refrigerator Bowl aseme "tulialikwa mara mbili, tukashinda mara mbili", na hapo atakuwa amesema kweli tupu.

Jambo moja la mwisho nililifurahia nilipokuwa naandaa jibu hili. Chukua majina yale ya Evansville: Western Kentucky wa 1952, Sam Houston wa 1953, Delaware wa 1954, Jacksonville State wa 1955, Middle Tennessee wa 1956. Vyote hivyo vitano vimepanda hadi daraja la juu kabisa la futiboli ya vyuo, na tangu 2025 vyote viko ligi moja, Conference USA. Wale waliokuwa wageni kwenye kilima cha shule ya sekondari sasa hukutana kwa ratiba. Wenyeji wao, Evansville, waliachana na futiboli kabisa baada ya msimu wa 1997.

Uwanja wenyewe haukufa. Mdogo wako akipata likizo na nauli, apande basi hadi Evansville, auulizie Reitz Bowl upande wa magharibi. Aende Ijumaa jioni ya Septemba au Oktoba. Atakuta taa zimewashwa na wanafunzi wa sekondari wanacheza, pale pale vijana wa chuo chake waliposhinda kwa pointi 2.